Mercedes-Benz 240TD ya Ulaya: dalili, chanzo, na pa kuanzia kushika

Gari ninalolizungumzia ni stesheni wagoni ya Mercedes-Benz ya ukoo wa W123, iliyoanza kutoka kiwanda cha Bremen mwaka 1978 na kufika mwisho mwanzoni mwa 1986. Kwenye vitabu vya ufundi huitwa S123. Yangu ni 240TD ya soko la Ulaya, ya zile alizonunua mtu aliyetaka gari la kazi: gia nne za mkono, vioo vya kuzungusha kwa mkono, viti vya kitambaa, hakuna eyakondishena, hakuna senta loki. Marekani hawakuuziwa 240TD. Wao walipelekewa 300TD ya silinda tano, ya otomatiki na yenye mapambo mengi. Hii sahili ilibaki Ulaya, na hadi leo huku Ujerumani unakutana nayo mikononi mwa watu wanaoijali.

Usahili huo ndio unaofanya gari litengenezeke nje ya gereji kubwa. Injini yake, OM616, ni ya silinda nne, lita 2.4, nguvu za farasi 72 (zile za mwanzo kabisa zilikuwa na 65). Ndiyo ile ile iliyobeba teksi za Ujerumani na baadaye teksi kubwa za Morocco kwa miaka mingi. Haina kompyuta wala sensa ya kukuchanganya. Ina dizeli, hewa, joto, na chuma kizito.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mwongozo wote umejengwa juu yake: gari hili likikusumbua, injini iwe ya mwisho kushukiwa. Chuma chake hakizeeki haraka. Kinachozeeka ni mpira, viungo, waya na bati. Nimeona injini nzima zikipelekwa skrepa kwa sababu ya kipande cha mpira chenye bei ya soda, na jambo hilo linaniuma.

Asubuhi halitaki kuwaka

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalofukuziwa ovyo kuliko yote. Kabla hujagusa spana, simama nyuma ya gari uangalie ekzosi huku mwenzako anapiga stata. Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika kwenye silinda ila haishiki moto: tafuta joto au mgandamizo (nguvu ya pistoni kubana hewa). Usipoona moshi hata kidogo, dizeli haifiki: tafuta upepo kwenye mabomba, au filta iliyoziba. Na kama stata yenyewe inazunguka kivivu, yaache hayo yote, anza na betri.

Nianze na betri basi. Injini ya dizeli haina cheche. Inajiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa kwa kasi. Stata ikizunguka polepole, hewa inavujia pembeni mwa pistoni na joto linapotea kabla halijafika pale linapotakiwa. Betri ndogo ya gari la petroli haitoshi hapa, hasa wakati wa baridi. Betri ikiwa nzima na bado stata ni nzito, ingia chini ya gari utafute waya mpana wa athi unaounganisha giaboksi na bodi. Mara nyingi umeoza au umelegea. Ufungue, usugue ncha zake hadi chuma king'ae, ufunge tena. Umeme uliokuwa ukihangaika kutafuta njia utapita, na stata utaisikia imebadilika sauti.

Baada ya betri ni plagi za joto, ambazo mafundi wa kwetu huziita hita plagi. Hapa lazima ujue gari lako ni la mwaka gani. Zile za miaka ya mwanzo zina plagi zenye kizingo cha waya, zimeunganishwa kwa mfululizo: umeme unapita ya kwanza, ndipo uende ya pili, hadi ya mwisho. Moja ikiungua, zote zimekufa. Washa joto, halafu gusa kila kiungo kwa taa ya kupimia ukianzia upande umeme unakoingilia. Taa itawaka, itawaka, kisha ghafla haiwaki. Iliyoungua ni ile uliyoivuka hapo katikati.

Kuanzia karibu 1980 zilikuja plagi za msumari, kila moja na waya wake kutoka kwenye relei. Hapa moja ikifa, nyingine zinaendelea, na gari linawaka kwa kumisi (silinda moja haishiki moto), linatikisika dakika moja kisha linatulia. Wengi wanazoea hali hiyo hadi ya pili na ya tatu zife, ndipo asubuhi moja lisiwake kabisa. Kupima ni rahisi: chomoa waya wa kila plagi, shika upande mmoja wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, upande wa pili kwenye kichwa cha plagi. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekatika. Zote zikiwa nzima lakini umeme hauji, angalia fyuzi ya bati ya ampia 80 iliyo kwenye boksi la relei. Hiyo huwa na ufa mwembamba usioonekana mpaka uiguse kwa bisibisi.

Ukibadilisha plagi, usifunge mpya kwenye shimo chafu. Masizi hujaa kwenye tundu lake, na plagi iliyozungukwa na masizi huungua mapema au hugoma kutoka siku nyingine. Kuna kijembe maalumu cha kusafishia tundu hilo; kipake grisi ili masizi yanate, kizungushe kwa mkono, kifute, rudia.

Plagi ni nzima, stata ina nguvu, moshi mweupe upo, na bado asubuhi ni kazi? Seti valvu. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloachwa zaidi. Injini hii haina kitu cha kujirekebisha chenyewe juu ya valvu. Kiwanda kilitaka zisetiwe kila baada ya muda, na mwenye gari wa tatu au wa nne kwa kawaida hajawahi hata kufungua kava. Valvu za moshi hubana kadiri zinavyokula kiti chake, hadi zinashindwa kufunga sawasawa. Hapo mgandamizo unashuka na watu wanasema injini imechoka. Vipimo, injini ikiwa baridi: valvu za hewa milimita 0.10, za moshi milimita 0.30. Unahitaji spana nyembamba za 14 na uvumilivu. Zungusha injini kwa nati ya krenkshafti, kamwe usiizungushe kwa boliti ya kamshafti.

Ukishaseti valvu ndipo upime mgandamizo. Injini nzuri inatoa bar 22 hadi 24 (bar ni kipimo cha presha). Mradi uko juu ya 15 na silinda hazijaachana kwa zaidi ya bar 3, injini hiyo ina maisha bado. Ukipima kabla ya kuseti valvu, namba utakazopata zinaweza kukudanganya ufungue hedi (kichwa cha injini kilicho juu ya silinda) bure.

Linawaka kisha linazima, au stata inapigwa mno hata likiwa la moto

Hilo ni upepo. Dizeli ikilala usiku kucha hutafuta njia ya kurudi tangini, na penye kiungo kinachovuta hewa, inarudi. Asubuhi injini inawaka kwa dizeli kidogo iliyobaki kwenye pampu, halafu inakata moto. Dizeli si lazima idondoke chini ndipo uamini. Upande wa kuvuta, hewa inaingia pasipo tone kutoka.

Angalia filta ndogo ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyo kabla ya pampu. Injini ikiunguruma, mapovu machache yaliyotulia juu si neno; mapovu yanayopita mfululizo ni ushahidi. Kaza vibano, na mpira uliokauka na kupasuka mdomoni ukate au ubadilishe. Kisha tazama pampu ya mkono iliyo kwenye fidi pampu (inayovuta dizeli kutoka tangini), ubavuni mwa injekta pampu (inayoisukuma kwa presha hadi kwenye nozeli, zinazoinyunyiza ndani ya injini). Zile za zamani, ambazo kichwa chake hufunguliwa kwa kuzungusha ndipo kisukumwe, zinavuja sana shingoni. Mpya ya aina ya kusukuma tu haina bei kubwa, na kwa maoni yangu ni kati ya vitu vya kwanza kununua ukishalipata gari.

Kutoa upepo kwenyewe: sukuma pampu ya mkono bila kuharakisha. Mwanzoni mkono unazama bila kizuizi. Baadaye unaanza kusikia uzito, na mwishowe kutoka kwenye valvu ya kurudisha dizeli inatoka sauti ya kuzomea, kama filimbi ndogo iliyojaa maji. Ukiisikia, mfumo umejaa, piga stata.

Usisahau vile vipira vyembamba vilivyofumwa kwa uzi, vinavyotoka nozeli moja kwenda nyingine, na kile kifuniko kidogo kwenye nozeli ya mwisho. Vinarudisha dizeli ya ziada. Ukigusa ukakuta vimelowa, vibadilishe vyote siku hiyo hiyo. Ni kazi ya nusu saa.

Na kwa anayeishi kwenye nchi za baridi: gari lililolala tangu kiangazi na tangi la dizeli ya kiangazi litakwama theluji ikianguka, kwa sababu nta iliyo ndani ya dizeli huganda na kuziba filta. Huku Ujerumani dizeli ya majira ya baridi, ya kuvumilia nyuzi 20 chini ya sifuri, huuzwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari. Jaza tangi hiyo mapema, kisha endesha kidogo ili ifike hadi kwenye filta.

Halivuti

Kwanza tuwekane sawa: farasi 72 kwenye gari zito hivi si mbio. 240TD hupanda mlima ikiwa gia ya tatu huku malori yakiwa nyuma yako, na hiyo ndiyo tabia yake. Dalili tunayoitafuta ni mabadiliko: jana lilifika kilomita 120 kwa saa barabara ya tambarare, leo linakomea 90.

Fungua kifuniko cha tangi mara tu ukisimama. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa kishindo, tundu la tangi la kupumulia limeziba, na pampu inashindana na ombwe. Endesha siku moja kifuniko kikiwa kimelegezwa. Nguvu zikirudi, umepata jibu.

Halafu filta. Filta ndogo ikiwa na ute mweusi, ndani ya tangi kuna vijidudu vinavyoishi kati ya maji na dizeli, na kubadilisha filta pekee hakutoshi. Tangi lisafishwe, pamoja na chujio la wavu lililo kwenye mdomo wa kutolea dizeli chini yake. Mwaka wa kwanza baada ya kununua gari lililokaa sana, au baada ya kuanza kutumia dizeli ya mimea, weka filta za akiba kwenye buti. Dizeli ya mimea huosha uchafu wa miaka na kuuleta wote mbele kwa pamoja, tena hulainisha mipira ya zamani.

Jambo la tatu hupuuzwa hadi linachekesha wanapoliona: kanyagio halifiki mwisho. Kati ya mguu wako na injekta pampu kuna fimbo na viungo vya mpira na plastiki. Vikichakaa, kila kimoja kinakula milimita chache, na mwishowe unakanyaga hadi sakafuni lakini pampu inafunguka robo tatu tu. Mweke mtu akanyage hadi chini injini ikiwa imezimwa, wewe uangalie mkono wa pampu. Ukiweza kuusogeza zaidi kwa kidole, nguvu zako zilizopotea ziko hapo. Badilisha bushi, rekebisha urefu wa fimbo. Mtu amewahi kuambiwa anunue injekta pampu nyingine kwa dalili hii hii.

Moshi mweusi ukiongozana na uzito, safisha njia ya hewa kisha fikiria nozeli. Moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga kwa nguvu ni wa kawaida kwa injini hii.

Linatikisika na kugonga likiwa limesimama

Silinda nne za dizeli za zamani hazitaki kutulia kama saa ya ukutani, kwa hiyo mtikisiko wa wastani usikutie hofu. Ukizidi hadi kioo cha ndani kikose picha, anza na mauntini za injini, yaani vishikizo vya mpira vinavyoibeba. Mpira wake huzama na kugusa chuma, na kila mpigo unaingia ndani ya gari.

Mauntini zikiwa nzuri, tafuta silinda inayomisi. Injini ikiunguruma taratibu, legeza kwa spana ya 17 nati ya bomba la nozeli moja, nusu mzunguko tu, kisha kaza. Kwenye silinda nzima, injini italegea na mdundo wa sauti utabadilika. Kwenye silinda mbovu hakuna kitakachobadilika. Vaa miwani na uweke kitambaa kizito juu ya nati. Dizeli ikitoka kwa presha ile inapenya ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni jeraha la kupelekwa hospitali bila kusubiri.

Ukiijua silinda, hamisha nozeli yake iende kwa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nozeli ndiyo mgonjwa: mpeleke fundi mwenye mashine ya kupimia, aangalie inavyonyunyiza na presha inayofungukia, ambayo kwa injini hii isiyo na tabo (turbo) ni karibu bar 115. Ugonjwa ukibaki pale pale, rudi kwenye valvu na mgandamizo. Kila ukifungua nozeli, weka washa (pete ya chuma ya kuzibia) mpya chini yake. Ile ya zamani imeshakandamizwa na haitaziba tena.

Kugonga kwa chuma kunakopungua injini ikipata moto mara nyingi ni nozeli. Cheni ya taimingi ikirefuka huchelewesha valvu na pampu pia, na dalili yake ni uvivu wa jumla pamoja na moshi wa asubuhi. Hupimwa kwa kulinganisha alama ya kamshafti na digrii za krenkshafti. Cheni mpya huingizwa kwa kufungwa kwenye ile ya zamani na kuzungushwa pole pole, bila kushusha injini.

Ufunguo umetoka, injini bado inanguruma

Usiogope. Juu ya injini kuna kijiti kilichoandikwa STOP. Kisukume hadi izime. Injini hii huzimwa na vakyumu, yaani mvuto wa ombwe: ukizima ufunguo, vakyumu hufika kwenye kifaa kilicho nyuma ya injekta pampu nacho hukata dizeli. Isipozima, vakyumu imepotea njiani.

Kwenye gari lenye senta loki msako wake ni mrefu, maana mabomba yanaingia kila mlango. Kwenye gari letu ni mfupi. Fuata kibomba chembamba cha rangi ya kahawia kutoka kwenye swichi ya ufunguo hadi kwenye pampu, ukague viungio vya mpira. Kichomoe kwenye kifaa cha kuzimia. Ukikuta oili ndani ya kibomba, utando wa kifaa hicho umechanika na unavuta oili ya injini, kibadilishe. Kikiwa kikavu, vuta vakyumu kwa pampu ya mkono: injini ikizima, kifaa ni kizima na tatizo liko nyuma yake.

Injini ikikataa kuzima na wakati huo huo kanyagio la breki limekuwa gumu, usiende popote. Busta ya breki, ile inayoupunguzia mguu kazi, inakula vakyumu hiyo hiyo, na pampu ya vakyumu iliyo mbele ya injini inaweza kuwa imekufa.

Nyuma pamelala, au panaruka kwa kila jiwe

Hapa ndipo stesheni wagoni inapotofautiana na saluni, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokata tamaa mapema. Kila S123, hata ile sahili kuliko zote, ilitoka kiwandani na mfumo wa kusawazisha nyuma. Pampu iliyo mbele ya injini inasukuma oili ya haidroliki hadi kwenye valvu iliyo karibu na ekseli ya nyuma. Valvu hiyo ina mkono ulioshikana na stabilaiza. Ukipakia magunia, nyuma inashuka, mkono unainuka, valvu inafungua, oili inaingia kwenye mitungi miwili inayofanana na shokapu, na gari linainuka lilipokuwa. Springi za koili zipo, lakini ni laini kuliko za saluni kwa sababu zinategemea msaada huo. Kwa kila mtungi kuna tufe la chuma lenye gesi ya naitrojeni nyuma ya utando wa mpira. Oili haibonyei. Gesi ndiyo inayobonyea, na hiyo ndiyo starehe yenu njiani.

Dalili mbili hizi watu huzichanganya. Nyuma ikiwa ngumu na inaruka kwenye vishimo vidogo, lakini kimo ni sawa, matufe yamekufa: utando umepasuka au gesi imekwisha. Bonyeza pembe ya nyuma kwa uzito wako wote, gari likiwa limeshaendeshwa. Likiwa gumu kama benchi, nunua matufe, yote mawili kwa pamoja. Mfumo wenyewe hauna kosa.

Nyuma ikiwa imelala, fungua boneti uangalie kikopo cha oili yake. Kikiwa tupu, tafuta uvujaji: mabomba ya chuma yanayopita chini ya bodi huoza kwa chumvi ya barabara za Ulaya, na mitungi huvuja juu ya ekseli. Usipoona tone popote na oili inazidi kupungua, inaweza kuwa inapita kwenye sili ya pampu na kuingia ndani ya injini. Kikopo kikiwa kimejaa, ingia chini ya gari uangalie ule mkono wa valvu. Kifimbo chake huvunjika au kuchomoka, na valvu inabaki haijui kuwa gari limepakiwa. Kisha jaribu: washa injini, waketishe watu wawili wazima nyuma kwenye buti, usubiri kidogo. Lazima linyanyuke.

Oili yake ni ya haidroliki iliyoidhinishwa kwa mfumo huu. Usiweke ya breki wala ya otomatiki; sili zitavimba na utaanza upya kwa gharama kubwa. Na kabla hujafungua bomba lolote, toa presha kwanza kupitia skrubu iliyo kwenye valvu.

Wapo wanaong'oa mfumo wote na kuweka springi ngumu na shokapu za saluni. Sikubaliani nao hata kidogo. Unabakia na gari linalogonga likiwa tupu na kulala likipakiwa, ilhali matufe mawili yangekurudishia safari ya utulivu.

Linachemsha, au halipati moto

Thamostati yake hufungua kwenye nyuzi 80, na mshale ukikaa karibu na hapo ndipo kwao. Ukipanda hadi 100 mlimani na kushuka tena, rejeta inaanza kuziba. Mshale ukibaki chini ya 60 siku nzima, thamostati imekwama wazi. Injini inakula dizeli zaidi na hita haikupi kitu.

Kagua shingo ya juu ya rejeta, pale mpira mnene unapoingia. Kwenye rejeta zenye matangi ya plastiki, shingo hiyo hukauka na kukatika ghafla, na maji yote yanamwagika kabla hujaona mshale ukipanda. Ikiwa na nyufa za nywele, usisafiri nayo. Mpira wa juu ukiwa mgumu kwa presha asubuhi kabla hujawasha, au mapovu yakiendelea kutoka kwenye maji, gasketi ya hedi imeanza kupitisha.

Klachi, gia, breki

Kwa ufupi. Kanyagio la klachi likizama, angalia kikopo cha maji ya breki, kwani klachi hunywa humo humo. Kisha inua kapeti chini ya kanyagio, na uangalie silinda ya chini kwenye giaboksi. Moja kati ya hizo imelowa. Gia zikitafutwa hewani, bushi za fimbo za gia zimekwisha. Kishindo ukiachia klachi, au mtikisiko kwa mwendo fulani, ni diski za mpira za propela shafti au beringi yake ya katikati.

Gurudumu linalobaki limeshika baada ya kuachia breki huwafanya watu wabadilishe kalipa. Anza na mpira wa breki: huvimba kwa ndani na kuziba, presha inapita ukikanyaga lakini hairudi.

Umeme unaokuja na kuondoka

Zungusha fyuzi. Gari hili hutumia fyuzi zile ndefu zenye ncha za koni, na ncha za aluminiamu huota utando mweupe unaozuia umeme. Taa inakufa, waipa zinachelewa, hita inazima, na fyuzi ukiitazama ni nzima. Izungushe kwa kidole mara chache mahali pake, kila kitu kinarudi. Halafu nunua seti nzima yenye ncha za shaba ubadilishe zote.

Waipa ya nyuma, taa ya namba na waya za joto za kioo cha nyuma zikiharibika kwa pamoja au kwa zamu, usihangaike na swichi. Fungua mlango wa nyuma, uvute kipira kinachofunika waya pale bawabani. Ndani utakuta waya zilizokunjwa na kukunjuliwa kila mlango ulipofunguliwa kwa miaka zaidi ya arobaini, ganda limekatika na shaba imebaki nyuzi mbili tatu. Unga kwa waya laini wenye nyuzi nyingi, mrefu kidogo kuliko wa zamani, na viungo usiviweke pale pale panapokunjika.

Maji ndani, na kutu

Kutu ndiyo inayoua magari haya, nayo huanza na maji yasiyopata pa kutokea. Kapeti la mbele likilowa, nenda kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, ndani ya boneti, utoe majani. Chini yake kuna vipira vya kutolea maji. Vikiziba, maji yanaingia miguuni na kuanza kula sakafu chini ya zulia zito, mahali usipopaona.

Sehemu za kukagua kwanza kwenye wagoni ni pembezoni mwa vioo vya ubavuni vya nyuma, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na shimo la tairi la akiba lililo ubavuni kushoto ndani ya buti. Halafu mahali pa kupigia jeki, na pale subfremu ya nyuma (fremu ndogo inayobeba ekseli) inaposhikana na bodi. Hapo pa mwisho ndipo mkaguzi wa TÜV (shirika la ukaguzi wa magari Ujerumani) atakapogonga kwa nyundo yake, na bodi ikiwa imeoza pale, hata injini nzuri namna gani haitalipitisha gari. Kwa gari la zaidi ya miaka 30 lililotunzwa katika hali yake ya asili, Ujerumani hutoa namba ya H, ambayo kodi yake ni euro 191.73 kwa mwaka na inaruhusu kuingia maeneo ya miji yanayozuia dizeli za zamani. Hali ya bodi ndiyo inayoamua.

Ukinunua, toa tairi la akiba, toa kapeti, mulika kwa tochi, ugonge kila sehemu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia. Lililooza linapokea mpini kimya, na hapo ndipo pa kuanza kuzungumza bei.